Ingia Laini, Toka kwa Kubana: Miaka 300 ya Risasi ya Kulungu

Risasi ya gobori inadaiwa mambo mawili yasiyopatana. Kwanza iteremke: mwindaji aishindilie kwa mdeki kutoka mdomoni mwa bunduki hadi juu ya baruti, kwa nguvu ya mkono mmoja, pengine akiwa amechuchumaa nyuma ya gogo na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Halafu, baruti ikishika moto, itoke imebana mtutu kila upande, gesi isipenye pembeni, na mifereji iliyochongwa ndani iikamate na kuizungusha ili iruke sawasawa. Ikiwa ndogo, inaingia vizuri na kutoka ovyo. Ikiwa kubwa, haiingii kabisa. Tangu misitu ya Pennsylvania ya miaka ya 1700 hadi maduka ya Marekani ya leo, mafundi na wawindaji wamekuwa wakitafuta njia ya kuusuluhisha ugomvi huo.

Mnyama mwenyewe muda wote huo hajabadilika. Kulungu wa mkia mweupe wa Amerika, ambaye dume lake hupukutisha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, ana ngozi nyembamba na mifupa isiyotisha. Dume la kaskazini likinenepa hupita kilo 100. Wa kusini huwa wadogo zaidi. Risasi ikipita katika mapafu yote mawili, nyuma tu ya bega, atakimbia mita 50, pengine 100, kisha ataanguka. Anayemfuatilia anahitaji damu ya kumwongoza, na damu hutiririka vizuri zaidi risasi ikiwa imetoboa pande zote mbili. Mahitaji ni hayo, na yalikuwa hayohayo mwaka 1740. Nitasema mapema ninachoamini: kwa mnyama huyu tatizo lilikuwa limekwisha kutatuliwa kabla Marekani haijawa taifa. Yaliyofuata yaliletwa na vita, umbali, sheria na biashara.

Jibu lilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kijerumani na Kiswisi waliohamia Pennsylvania, hasa pande za Lancaster. Walikuja na bunduki ya kwao ya kuwindia, fupi na nene, yenye tundu la inchi 0.60 hivi na mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Huko Ulaya zamani, mwenye bunduki ya mifereji alipakia risasi iliyobana kisha akaigonga kwa nyundo ya mti mpaka ikaumana na mifereji. Kelele zile zilitosha kuhamisha kila chenye masikio msituni, na risasi ilifika chini imepondeka. Njia iliyoshinda ni ya kitambaa. Risasi ya mviringo inafanywa ndogo kidogo kuliko tundu, inalazwa juu ya kipande cha kitani kilichopakwa shahamu ya ng'ombe au mafuta ya dubu, kisha vyote viwili vinasukumwa pamoja. Kitambaa kinafanya kazi ya ngata: kinakaa kati ya vitu viwili vigumu ili kimoja kitulie juu ya kingine bila kuumizana. Mifereji inashika kitambaa, kitambaa kinashika risasi, vinazunguka pamoja, na vikitoka nje kitambaa kinadondoka huku risasi ikiendelea na safari. Aliyekosa mafuta alitumia mate. Mate yalifaa kwa risasi ya kupigwa papo hapo. Bunduki ikilala nayo usiku kucha, mtutu uliamka na kutu.

Huko Amerika bunduki ile ikarefuka na tundu likapungua, likafika inchi 0.50, 0.45, wakati mwingine chini zaidi. Wapenzi wa bunduki husifu urembo wake, kitako cha mti wa mepo na vipambo vya shaba. Mimi naona zaidi hesabu ya mzigo. Ratili moja ya madini ya risasi hutoa risasi 22 hivi za inchi 0.60. Ratili hiyohiyo hutoa risasi 55 hivi za inchi 0.44, ambazo zikivishwa kitambaa zinakaa katika mtutu wa 0.45. Baruti nayo inapungua kwa kadiri hiyo. Mtu anayevuka milima kwenda kukaa msituni miezi mingi, duka likiwa nyuma yake mwendo wa wiki kadhaa, hawezi kuidharau tofauti hiyo.

Nao walikuwa wakienda mbali kwa sababu ngozi ya kulungu ilikuwa fedha. Kati ya 1699 na 1715, bandari ya Charleston peke yake ilisafirisha kwenda Uingereza wastani wa ngozi zaidi ya 50,000 kila mwaka. Nyingi zilitoka mikononi mwa wenyeji, Wacherokee na Wacreek na jirani zao, waliowinda kwa bunduki nyepesi za mtutu laini walizouziwa na wafanyabiashara. Wazungu wa mipakani walifuata. Daniel Boone, ambaye Wamarekani wamemgeuza shujaa wa hadithi za watoto, aliingia Kentucky mwaka 1769 akitafuta ngozi za kuuza. Desemba mwaka huo Washawnee wakamkamata na kumnyang'anya zote, kwa hoja isiyo ngumu kueleweka kwamba wanyama wale walikuwa wao.

Katika ulimwengu ule, kuchagua risasi hakukuwapo. Kila fundi alitoboa mtutu kwa kipimo chake, kwa hiyo bunduki iliuzwa pamoja na kalibu yake, na kalibu ilipopotea bunduki ilikuwa fimbo. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na moto wa jikoni unatosha. Watu walisubu risasi nyumbani jioni, na mnyama alipochunwa, risasi iliyobaki ndani yake ilitafutwa, ikarudishwa kwenye sufuria. Ulaini wa madini yale ulikuwa na faida nyingine: mviringo ule ukigonga mwili hubonyea na kutanuka, ukatoboa tundu pana kuliko ulivyoingia.

Udhaifu wa mviringo uko katika jiometri. Ukitaka uzito zaidi huna pa kuongeza isipokuwa upana, na upana ukiongezeka mara 2 uzito unaongezeka mara 8. Risasi ya mtutu wa 0.50 ina gramu 11.5 hivi, ya mtutu wa 0.36, ambayo ni ya kindi na sungura, haifiki gramu 5. Isitoshe, mviringo hauna ncha ya kupasua hewa. Ile ya 0.50 ikitoka mdomoni kwa kasi ya mita 580 kwa sekunde, ikifika mita 90 imebakiwa na mita 350 hivi. Katika msitu wa Pennsylvania, ambako macho hayafiki mita 90 hata ukitaka, haikumsumbua mtu.

Ilisumbua Magharibi. Kwenye nyika za wazi ng'ambo ya Mississippi, ambako shabaha inaweza kuwa nyati au dubu aliyekasirika, mafundi ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis walitengeneza bunduki fupi na nzito zenye tundu la inchi 0.50 hadi 0.54. Walikwenda na hesabu ya mviringo bila kupingana nayo: wakaongeza upana. Jacob alifariki kwa kipindupindu mwaka 1849. Jina lao lilikuja kupewa maisha ya pili na kiwanda ambacho hawangekitambua, nitalifikia.

Upande wa mashariki palikuwa na watu wenye subira kuliko wawindaji wa nyika, waliojaribu risasi ndefu yenye ncha iliyovishwa kitambaa. Ilikata hewa vizuri ajabu ikiingia mtutuni imenyooka, na ikiingia imeinama kidogo tu ilipotea kabisa. Tiba ilipatikana kwa mchoraji wa picha wa Massachusetts aitwaye Alvan Clark. Mwaka 1840 alipata hataza ya mdomo wa bandia: kipande cha mtutu kinachochomekwa mbele ya bunduki wakati wa kupakia, kikainyoosha risasi, kisha kikaondolewa kabla ya kufyatua. Baadaye Clark na wanawe wakageukia kung'arisha lenzi, na lenzi ya darubini kubwa ya Yerkes, yenye upana wa inchi 40, ilitoka katika karakana yao. Asiyevumilia risasi iliyoinama hatavumilia nyota iliyofifia pembeni, nadhani. Lakini kwa mwindaji wa kawaida mdomo wa bandia ulikuwa kero, na ukisahaulika mahali pake wakati wa kufyatua ulikuwa balaa.

Jibu la pili kubwa, baada ya kitambaa, lilitoka jeshini. Majeshi yalikuwa na shida ambayo kulungu hana: askari mia kwa mia wanaorushiana risasi, kila mmoja akitakiwa kupakia haraka hata mtutu ukiwa umejaa masizi. Kitambaa kilichelewesha. Maofisa wa Ufaransa walilihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1826 Henri-Gustave Delvigne alibuni chumba chembamba cha baruti ambacho risasi iliketi juu ya ukingo wake, ikapigwa kwa mdeki mpaka ikatanuka. Thouvenin akaweka msumari katikati ya chumba. Njia zote mbili ziliiharibu risasi kabla haijapigwa. Mwaka 1849 Kapteni Claude-Étienne Minié akaiachia baruti yenyewe kazi ile. Risasi yake ilikuwa ndefu, nyembamba kuliko tundu, na yenye shimo kwenye tako. Iliteleza hadi chini kwa urahisi. Baruti ilipolipuka, gesi ilisukuma kuta za lile shimo zikatanuka na kuumana na mifereji. Serikali ya Uingereza ilimlipa pauni 20,000, na mfua bunduki wao wenyewe William Greener, aliyekuwa na wazo la jamaa hiyo miaka mingi kabla, akapewa pauni 1,000 baada ya kulalamika sana. Huko Harpers Ferry nchini Marekani, James Burton akaondoa kizibo cha chuma alichokuwa ameweka Minié na kuonyesha kwamba shimo peke yake linatosha.

Risasi ya Burton ya inchi 0.58, yenye gramu 32 hivi, ndiyo iliyojaza makaburi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kwa kulungu ilikuwa nzito kupita haja. Iliua, bila shaka, lakini iliruka kwa kupinda sana kuelekea chini kwa kuwa haikuwa na kasi, na mwindaji aliyejaribu kuiongezea kasi kwa kuzidisha baruti aligundua kwamba kingo za tako zilipasuka au kukunjamana, risasi ikaenda ilikotaka. Hata leo anayewinda nayo huanza na baruti kidogo na kuongeza kwa woga.

Mafuta ya risasi ya aina hii yana ukurasa wao katika historia. Bunduki ya Enfield ya 1853 ilipakiwa kwa bweta la karatasi lililopakwa mafuta, ambalo askari alilipasua kwa meno. Nchini India uvumi ulienea kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe, yakiwachukiza Wahindu na Waislamu kwa mkupuo mmoja, na Mei 1857 askari wa Meerut wakaasi. Manung'uniko yalikuwa mengi na ya siku nyingi. Shahamu iliyoingia kinywani ndiyo iliyowasha.

Kizazi kile cha bunduki kilifika na kwetu, kwa njia mbili. Ya kwanza ni zawadi. Februari 1862 John Hanning Speke alimkabidhi Kabaka Mutesa I wa Buganda, miongoni mwa vitu vingine, bunduki ya Whitworth. Hii ilikuwa bunduki ya mdomo ya kifahari kuliko zote za wakati ule: tundu lake lilikuwa na pembe sita, na risasi yake nayo pembe sita, ikaingia bila kitambaa na kuzunguka bila kutanuka. Jibu la tatu, na la werevu mkubwa. Pamoja nayo alitoa sanduku la risasi na sanduku la fataki za kuwashia baruti. Sanduku likiisha, nani Buganda angesubu risasi ya pembe sita? Mviringo ungesubiwa na mhunzi yeyote wa Kiganda kwa kalibu ya udongo.

Miaka miwili baadaye Samuel Baker alifika ukingoni mwa Ziwa Albert akiwa na bunduki ambayo wenzake Waarabu waliita mtoto wa mzinga. Ilirusha kombora la nusu ratili lenye baruti ndani yake, na Baker, aliyekuwa pande la mtu, alikiri kwamba ilimzungusha kila alipoifyatua na kwamba alikuwa akiiogopa. Ukiongeza upana mara 2 uzito unapanda mara 8, na bega la mwenye bunduki linapewa sehemu yake.

Njia ya pili ilikuwa biashara. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakiwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, mamia ya maelfu ya bunduki za mdomo ziliuzwa kwa bei ya chakavu, na nyingi zilipita Unguja kwenda bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta, ukaacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa jiwe, zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, mataifa ya Ulaya yaliamua Mwafrika abaki na gobori, tena gobori la mtutu laini. Mtutu laini hauchagui. Mifereji haipo ya kukamata chochote, kwa hiyo unameza gololi ya chuma, kipande cha nondo, hata changarawe. Ndiyo maana taarifa za polisi nchini Tanzania hadi leo huorodhesha gobori na gololi zake, ilhali mwenye gobori wa Amerika ana rafu nzima ya kuchagua. Bunduki zinafanana kwa kupakiwa. Sheria ndizo zilizozitenganisha.

Turudi Amerika, ambako bunduki ya mdomo ilikuwa ikifa kifo cha kawaida. Bunduki za kupakiwa nyuma ziliwapa wawindaji wa sokoni uwezo ambao kulungu hawakuustahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 makadirio ya kulungu wa mkia mweupe waliobaki yalikuwa nusu milioni au pungufu, na majimbo kadhaa hayakuwa nao kabisa. Sheria ya Lacey ya 1900 ikabana biashara ya nyama pori kati ya majimbo, na sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye kuhifadhi wanyama. Kulungu wakarudi kwa kishindo. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Walipokuwa wengi mno, majimbo yakahitaji wawindaji zaidi bila kuongeza mauaji ya ovyo, na hapo mtu mmoja akakumbuka gobori. Lina risasi moja, halifiki mbali, na mwenye nalo hulazimika kunyata.

Walioliweka hai walikuwa wachache. Chama cha taifa cha wapenzi wa bunduki za mdomo kiliundwa mwaka 1933, na makao yake yakawa kijijini Friendship, Indiana. Mwaka 1954 Turner Kirkland alianzisha duka la Dixie Gun Works huko Union City, Tennessee, akiuza vipuri kwa waliotaka kufufua bunduki za babu zao. Kisha majimbo yakaanza kutenga misimu. Pennsylvania ilianza wake mwaka 1974, baada ya Krismasi, na ikasisitiza gumegume tu, si fataki. Msimu huo wa theluji bado upo, na jiwe bado ndilo linalowasha.

Biashara ilisikia harufu. Mwaka 1970 kampuni ya Thompson/Center ya Rochester, New Hampshire, ilitoa bunduki iliyoitwa Hawken, ingawa ilifanana na zile za ndugu wa St. Louis kwa mbali sana. Msanifu wake Warren Center aliitengenezea risasi yake, Maxi-Ball, na hapa tunafika kwenye jibu la nne. Risasi hii ilikuwa ndefu, ya madini laini, yenye mifuo ya kuwekwa mafuta. Sehemu yake ya chini iliteleza mtutuni. Ukingo wake wa juu ulikuwa mpana kidogo, ukalazimishwa kuumana na mifereji pale pale mdomoni kwa pigo la kiganja. Ya mtutu wa 0.50 ilikuwa na gramu 24, zaidi ya mara mbili ya mviringo. Wawindaji waliipenda kwa kuwa ilihitaji vitu vichache mfukoni. Baadaye wakaanza kuona mambo. Mara nyingi ilipita katika kulungu bila kutanuka, ikaacha tundu dogo na damu haba. Na bunduki ikibebwa mdomo chini siku nzima, risasi isiyo na kitambaa iliweza kuteleza mbele na kuacha nafasi juu ya baruti, jambo linaloweza kuvimbisha mtutu au kuupasua mikononi mwa mwenyewe. Mzee wa kitambaa hana tabia hiyo.

Kufikia hapo risasi zote zilikuwa bado madini laini yaliyogusa mtutu, kwa kitambaa au bila. Miaka ya 1980 ikavunja desturi. Huko Harrison, Arkansas, Del Ramsey alianza kuuza kikombe kidogo cha plastiki chenye vidole vinne, kinachoitwa saboti. Ndani yake iliwekwa risasi ya bastola ya inchi 0.44 au 0.45, iliyovikwa shaba, na vyote vikaingia katika mtutu wa 0.50. Ni wazo la kitambaa kwa vazi jipya, sina shaka: kitu laini katikati, kinachoshika mifereji na kuachia nje. Lakini sasa kilichobebwa kingeweza kuwa chochote, chenye ncha yoyote, kigumu kiasi chochote. Mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri akatoa bunduki ya MK-85, ambayo fataki yake ilikaa moja kwa moja nyuma ya baruti badala ya ubavuni, na mtutu wake ulipindisha mifereji kwa kasi ili kuzungusha risasi ndefu. Vitu hivi viwili, saboti na bunduki ile, vilihamisha umbali wa mwindaji kutoka mita 80 hadi 150 na zaidi.

Hapo kuchagua risasi kukawa kazi, na makosa yakawa mengi. Risasi ya bastola ilisanifiwa kwa mwendo wa bastola. Ikisukumwa na baruti nyingi za bunduki ndefu na kumpiga kulungu aliye karibu, huweza kusambaratika kabla ya kufika upande wa pili. Wenye risasi za mviringo wakanunua bunduki mpya na kushangaa mbona hazilengi. Sababu iko kwenye mifereji. Mtutu wa kale huzungusha mara moja katika inchi 60 au zaidi, na mviringo hauhitaji zaidi ya hapo. Mtutu wa leo huzungusha mara moja katika inchi 28, kwa ajili ya risasi ndefu. Mviringo ukipakiwa humo na baruti nyingi, huruka juu ya mifereji badala ya kuifuata. Bunduki ya Thompson/Center, iliyozungusha katika inchi 48, ilijaribu kuwaridhisha wenye mviringo na wenye risasi ndefu pia. Nimeona wakiigombania hadi leo, kila upande ukilalamika kwamba ilimpendelea mwingine. Ningekuwa na mtutu wa inchi 60, ningesubu mviringo na kukata kitani, basi. Mwenye mtutu wa inchi 28 na anayewinda ukingoni mwa shamba la mahindi, achukue saboti yenye risasi ya gramu 16 hivi iliyotengenezwa kwa mwendo huo, na asidanganywe na matangazo ya baruti ya mita 200.

Majimbo yalilitazama jambo hili kwa macho tofauti. Misimu ya gobori ilitengwa kwa sababu gobori halifiki mbali, na sasa linafika. Colorado ikakataa saboti katika msimu huo, ikakataa darubini na baruti ya vidonge, na ikaweka kwamba risasi isizidi urefu mara mbili ya upana wake. Ukiisoma kanuni hiyo taratibu unaona mtu mwenye kipimo mkononi akijaribu kuirudisha risasi kwenye umbo la mwaka 1860. Majimbo mengine mengi yaliruhusu karibu kila kitu. Mwindaji anayevuka mpaka na sanduku moja la risasi anaweza kuwa halali asubuhi na mhalifu mchana.

California iliingilia kutoka upande mwingine: madini yenyewe. Tai wakubwa wa kondori, waliokaribia kutoweka, walikuwa wakifa kwa sumu ya risasi waliyoila katika matumbo ya wanyama yaliyoachwa na wawindaji. Sheria ya 2007 ilikataza risasi za madini hayo katika maeneo ya kondori, na tangu Julai 1, 2019 marufuku inahusu uwindaji wote katika jimbo. Suala likagusa na meza za watu mwaka 2008, pale chembe za madini zilipoonekana katika nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maskini huko North Dakota. Katika majaribio yaliyofanywa Minnesota baada ya hapo, risasi za bunduki zenye kasi kubwa ndizo zilizotapanya chembe nyingi zaidi; zile nzito na za mwendo mdogo, za gobori zikiwemo, ziliacha chache kwa mbali. Habari njema kwa babu wa kitambaa, lakini haimwondolei sheria. Shaba tupu ni ngumu; haitanuki kwa gesi kama risasi ya Minié wala haiumani na mifereji kwa pigo la kiganja. Njia yake ya kawaida ya kuingia mtutuni ni ndani ya kikombe cha plastiki. Kwa hiyo mwindaji wa California husukumwa kwenye saboti ileile anayokatazwa wa Colorado.

Mwaka 2020 kampuni za Federal na Traditions zilileta bunduki ambayo baruti yake imefungwa katika kidonge cha plastiki na huingizwa kwa nyuma, kama bunduki yoyote ya kisasa. Risasi bado inashindiliwa kutoka mbele kwa mdeki. Baadhi ya majimbo yaliikubali katika msimu wa gobori, mengine yakaikataa, na mabishano yalihusu kama kitu hiki kina haki ya jina hilo. Baruti ya pembeni imeondoka, jiwe limeondoka, kitambaa kimeondoka, na fataki imehamia nyuma. Risasi peke yake ndiyo iliyobaki ikiingilia mdomoni, na kwa majimbo yaliyoikubali hilo lilitosha.